Nani Alimfundisha Huyo Anayeshika Sumaku?

Kuna ofa ilikuja kwa inboksi yangu wiki mbili zilizopita. Kliniki moja hapa Nairobi, siitaji jina, ilitaka nirekodi video tatu nikiwa nimekaa kwenye kiti chao cha TMS, ile mashine ya sumaku ya kutibu akili. Malipo 30,000, na juu yake nipate matibabu ya bure. Kwa mtu anayekaa bedsita Roysambu na kodi imeshafika, hiyo si pesa ya kuchezea.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua kwa nini walinitafuta mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili juu ya dipresheni. Nililala hosteli karibu muhula mzima, nikakosa CAT, nikakosa mitihani, halafu siku moja nikabeba begi nikarudi kwa mama. Kwa hivyo nilienda kuona hiyo mashine nikiwa na tumaini la kweli, sio njaa ya pesa tu.

Na wacha niseme mapema: hii kitu si uganga. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, waliweka koili juu ya kichwa cha mtu, upande unaoendesha mkono, wakapitisha umeme kwa koili kwa muda mfupi sana, na mkono ukaruka wenyewe. Sumaku inapita fuvu bila kupasua chochote, halafu inaamsha umeme kidogo kwenye ubongo ulio chini yake. Mwaka 2008 FDA ya Marekani ikaruhusu mashine ya kwanza ya aina hii kutibu dipresheni kwa watu ambao dawa haikuwasaidia. Mwaka 2018 watafiti wa Canada wakachapisha kwenye jarida la Lancet utafiti wa wagonjwa 414: kipindi cha dakika 3 hakikufanya vibaya kuliko kile cha zamani cha dakika 37. Fikiria hiyo hesabu kwa nchi kama yetu. Kiti kimoja, siku moja, wagonjwa wangapi?

Basi nikafika. Kijana wa rika langu, mpole, koti jeupe limepigwa pasi. Nikamuuliza alisomea wapi hii kazi.

“Tulifundishwa na wenye mashine walipoileta, boss. Siku mbili.”

“Na daktari?”

“Daktari hupita Ijumaa.”

Akanivalisha kofia ya kupimia, akaanza kuchora alama. Hakuniuliza kama nina chuma chochote kichwani. Hakuniuliza natumia dawa gani, wala kama nimewahi kushikwa na kifafa. Na mimi nilikuwa na kifafa nikiwa mdogo, mama alinipa dawa hadi darasa la nne. Nikamwambia mwenyewe. Akasimama, akaangalia simu yake, akasema, “Wacha niulize.” Nikachukua jaketi yangu nikashuka ngazi.

Simlaumu sana yule kijana. Yeye alifundishwa vifungo. Lakini madhara yanayoogopwa zaidi kwa TMS ni mtu kushikwa na kifafa pale pale kwa kiti. Hutokea mara chache sana, chini ya mgonjwa mmoja kwa elfu, na sababu moja ya kuwa chache ni kwamba kuna mtu aliyejua cha kuuliza kabla ya kuwasha. Umekesha? Umekunywa jana? Umebadilishiwa dawa? Hayo maswali ni sehemu ya matibabu.

Halafu kuna kipimo. Kila mtu na nguvu yake. Daktari anaanza na upande wa mkono, anatafuta nguvu ndogo kabisa inayofanya kidole gumba kitikisike, na dozi yako inapigwa hesabu kutoka hapo. Kisha koili inasogezwa mbele, mara nyingi kushoto, juu ya paji la uso. Ukikosea sentimita chache unatibu mahali pengine. Na sumaku hupoteza nguvu haraka ukiiweka mbali. Sasa niambie, huyo kijana alifundishwa afanye nini na dada mwenye rasta nene zimefungwa juu, au ushanga wa chuma kwa nywele? Hapa kwetu hiyo ni nusu ya foleni.

Kuna lingine linalonitisha zaidi. Mtu mwenye baipola anaweza kuja akiwa chini, afanane kabisa na mwenye dipresheni ya kawaida, na matibabu yamrushe juu hadi asilale siku tatu. Mashine haiwezi kujua hilo. Ni daktari aliyekaa naye akamsikiza.

Mwaka 2021 kamati ya IFCN, chama cha kimataifa cha wataalamu wa neva, ilichapisha mapendekezo ya mafunzo: fundi ana yake, daktari ana yake, mtafiti ana yake, na wote washike koili wakisimamiwa na anayejua. Hakuna siri hapo. Ni kazi tu ya kufanya.

Najua mtaniandikia: buda, Kenya haina hata madaktari wa akili wa kutosha, na wewe unaleta stori za sumaku? Ni kweli. Mimi singenunulia kila hospitali ya kaunti hii mashine kesho. Dawa ziwepo kwanza, na mtu wa kuongea naye. Lakini mashine zinakuja na biashara, na biashara haingojei tuwe tayari. Kwa hivyo KMPDC ikague nani anashika koili kabla ya leseni. Wanaosomea udaktari wa akili wapewe saa za kutosha kwenye kiti, sio slaidi. Na manesi wa akili wafundishwe kuendesha, juu mgonjwa anakuja siku tano kwa wiki, wiki sita. Nesi ndiye atakayesikia Jumatano kwamba mtu ameanza kuongea vile watu huongea kabla ya kujidhuru.

Jana usiku nikawajibu kliniki. Nikawaambia nitarekodi bure, video zote tatu, siku daktari atakuwa kwenye hicho chumba Jumatatu hadi Alhamisi pia. Tiki mbili za bluu, kimya. Landilodi naye amepiga simu mara mbili leo.