Msanii ni Mgeni wa Ardhi

Msomaji kijana, liko neno ambalo watu hulisema bila ya kulipima, kwamba sanaa haina mpaka. Ikiwa maana yake ni kuwa fikira za msanii ziwe huru, neno hilo ni la kweli. Ikiwa maana yake ni kuwa msanii aweza kuitenda ardhi apendavyo, basi ni neno ovu, na lafaa kukataliwa.

Zipime kazi mbili. Mwaka 1969 Michael Heizer, Mmarekani, alianza kuupasua ukingo wa uwanda wa juu katika jangwa la Nevada kwa baruti na matingatinga. Tani 240,000 za mawe na udongo ziling'olewa ili ipatikane mitaro miwili mikubwa inayotazamana. Kazi ile iliitwa Double Negative. Jangwa halina ulimi wa kukataa, na jeraha lake lingalipo hata leo.

Mwaka 2016 Christo, mzaliwa wa Bulgaria, alikwenda ziwa Iseo katika Italia. Juu ya maji alitandaza njia ya kilometa 3, iliyoelea kwa vipande 220,000 vya plastiki na kufunikwa kitambaa cha manjano. Aliiita The Floating Piers. Watu wapatao 1,200,000 walitembea juu ya mawimbi bila ya kulipa kiingilio. Baada ya siku 16 vyote viliondolewa, na ziwa likawa ziwa tena.

Wako watakaosema kwamba gharama kubwa kwa siku 16 ni israfu, na kwamba afadhali mtaro udumuo. Nawajibu hivi: gharama ile ililipwa kwa mauzo ya kazi za Christo mwenyewe. Tena kudumu peke yake si sifa, maana kovu nalo hudumu. Harusi huisha kwa siku chache, lakini hakuna mwenye akili aiitaye hasara kwa sababu haikuchukua mwaka.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Msanii ni mgeni wa ardhi. Mgeni mwema huleta furaha nyumbani, kisha huaga; habomoi ukuta wa mwenyeji wake ili akumbukwe. Nawe, siku utakapousimamia mlima au mto ukiwa na zana mkononi, kumbuka kuwa uliukuta pale, na wengine watakuja kuutazama baada yako. Uache ukiwa mzima.