Mashimo ya Kampala: Anayeripoti si Adui

Kila mvua za Machi hadi Mei zinapoishukia Kampala, barabara za jiji letu hufungua vinywa. Wa kwanza kuviona vinywa hivyo si mhandisi wala diwani, bali ni askari. Askari wa doria hupita kwa miguu saa tisa za usiku, naye askari wa usalama barabarani husimama njia panda moja tangu alfajiri hadi jua kuchwa. Hao hujua shimo lilianza lini, lilikuwa na upana gani juma lililopita, na ni waendesha boda-boda wangapi wameanguka hapo. Lakini tukiuliza ni mara ngapi habari hiyo imeandikwa katika kitabu cha matukio na kufikishwa kwa wenye jiji, jibu huwa ni kimya. Tumezoea kuamini kwamba shimo ni kazi ya watu wengine.

Tena liko jambo zito kuliko uzembe huo. Baadhi yetu tumekuwa tukimtazama raia anayepiga picha ya shimo kana kwamba anaitukana Serikali, na pengine kumfukuza mahali hapo kwa maneno makali. Desturi hiyo haina msingi. Ndugu askari watakumbuka mwezi wa Aprili 2023, wakati mchora vibonzo Jimmy Spire Ssentongo alipowaalika wananchi waonyeshe mashimo ya Kampala katika mtandao wa Twitter. Picha zilimiminika, nyingine za uchungu, nyingine za mzaha, na kila moja na jina la mtaa wake. Serikali haikuliita jambo hilo uasi. Mheshimiwa Rais aliagiza Wizara ya Fedha itoe mara moja shilingi bilioni 6 kwa Halmashauri ya Jiji la Kampala, yaani KCCA, ili mashimo yazibwe. Basi ikiwa Amiri Jeshi Mkuu alijibu picha kwa fedha, ni koplo gani atakayejibu picha kwa kiboko?

Katika jeshi hatumpigi risasi mpelelezi kwa sababu ameleta habari mbaya. Tunamkasirikia yule aliyeona akanyamaza. Katiba ya mwaka 1995, katika Kifungu cha 209, inalitaka jeshi lijenge maelewano na raia, na katika Kifungu cha 212 inaitaka polisi ilinde maisha na mali na ishirikiane na mamlaka za kiraia. Mama mjamzito aliyeanguka kutoka boda-boda usiku kwa ajili ya shimo lisilo na alama ana maisha ya kulindwa kama yule aliyevamiwa na mwizi.

Inafaa pia tuelewe jinsi shimo linavyozaliwa, kwa maana wengi hudhani ni uzito wa malori peke yake. Lami ni mfano wa mwavuli. Ikipasuka, maji hupenya ufa na kulainisha udongo na kokoto zilizo chini. Gurudumu likipita hukandamiza, tope hutoka, pengo hubaki, na siku moja lami huporomoka ndani ya pengo hilo. Kwa hiyo adui mkubwa wa barabara ni maji yasiyo na njia. Mfereji uliozibwa kwa kavera na chupa za plastiki utalifumua shimo lile lile mwaka hata mwaka, na kiraka juu yake ni fedha iliyotupwa mtoni. Anayeripoti shimo bila kutaja mfereji uliozibwa kando yake ameleta nusu ya habari. Wako na vijana wanaojaza mashimo kwa kifusi na kuomba chochote kwa madereva. Hatuwalaumu sana, lakini udongo huo husombwa na mvua ya kwanza na kwenda kuziba mfereji ule ule.

Ripoti yenyewe na iandikwe kama tulivyofundishwa kuripoti doria. Kusema "barabara yetu ni mbovu" si ripoti, ni manung'uniko. Andika jina la barabara na la mtaa, jengo lililo karibu, upande wa kulia au wa kushoto ukitokea wapi, upana na kina, tarehe, na madhara yaliyokwisha kutokea. Kisha jua mwenye barabara. Jiji lina tarafa 5, nazo ni ya Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga, na barabara za mitaa zimo mikononi mwa KCCA. Lakini barabara kuu za taifa, kama ile ya mzunguko wa kaskazini, zilikuwa chini ya UNRA, na shirika hilo lilipovunjwa kazi yake ikarudishwa katika Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Barua iliyopelekwa ofisi isiyohusika hulala humo bila kusomwa.

Kuhusu njia za waendao kwa miguu, hapa ndipo tunapoumia zaidi. Mwenye gari hupiga kelele na husikika. Mtoto wa shule anayeshuka barabarani kwa sababu njia yake imebomoka, au kwa sababu mfuniko wa chuma wa mtaro umeibwa ukauzwa kama chuma chakavu, hana wa kumsemea. Serikali ilitoa sera ya usafiri usio wa magari tangu mwaka 2012, lakini askari anayekaa makambini na kwenda kazini kwa miguu anajua hali ilivyo. Ombi la kutengenezewa njia hiyo lina nguvu likiwa na hesabu. Hatua ya gwaride ni kama sentimita 75. Pima urefu ulioharibika kwa hatua zako. Simama saa moja asubuhi uhesabu wapitao. Taja shule au hospitali wanayokwenda. Mwenyekiti wa LC1 atie mhuri wake, nakala ibaki kituoni ikiwa na alama na tarehe ya kupokelewa, na baada ya majuma mawili aende mtu kuuliza. Kuhusu vifuniko vilivyoibwa, hiyo si kazi ya jiji peke yake: wanunuzi wa chuma chakavu wamo katika maeneo yetu ya doria, tena twawajua.

Tutaambiwa kwamba jiji halina fedha. Ni kweli hazitoshi, kwani sehemu kubwa ya barabara za Kampala bado haijatiwa lami. Lakini penye fedha kidogo mhandisi huchagua pa kuanzia, na huchagua kwa habari alizonazo mezani. Tungependa kila kamanda wa kituo na wa kikosi atenge ukurasa mmoja katika kitabu cha matukio kwa ajili ya mashimo, mifereji na njia za miguu, na aukague kwenye gwaride la Jumatatu. Mvua za Septemba hazingoji.