Bukavu, mji wa vyuo vikuu, usiisahau Mumosho

Kila mwaka masomo yanapokaribia kuanza, vijana wa Mumosho wanafunga godoro, ndoo na mfuko wa unga wa muhogo, wanaelekea Bukavu. Njia yenyewe si ndefu, maana Mumosho iko kusini mwa mji, kando ya mto Ruzizi. Mzazi anayeuza ndizi na maharagi ili apate minervali ndiye anayejua uzito wa safari hiyo.

Mji wanaouendea una historia. Wazee husema jina Bukavu limetoka katika Kimashi, na kwamba hapo palikuwa mahali pa ng'ombe. Wabelgiji waliuita Costermansville, kisha katika miaka ya 1950 ukarudishiwa jina lake. Mgeni anayefika leo anaonyeshwa rasi zake tano zilizoingia katika ziwa Kivu kama vidole vya mkono, nyumba za zamani za wakoloni, Collège Alfajiri iliyoanzishwa na Wajezuiti, na hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018.

Lakini kinachoupa mji huu uhai ni wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki, UCB, kilianzishwa mwaka 1989. Vikafuata Chuo Kikuu cha Kiinjili, UEA, pale Panzi, na Chuo Kikuu cha Serikali, UOB. ISP na ISDR nazo zimefundisha walimu na wataalamu wa maendeleo ya vijijini kwa miaka mingi. Katika darasa moja mtu anakuta Mshi, Mrega, Mhavu, Mfuliru na Mbembe. Mwalimu anafundisha kwa Kifaransa, na wakitoka nje wanaelewana kwa Kiswahili. Katika jimbo ambalo watu wamegawanywa mara nyingi kwa kabila, jambo hilo ni mali kubwa kuliko jengo lolote.

Mali hiyo iko hatarini. Mwanafunzi kutoka kijijini akifika mjini, kwanza anadaiwa garanti ya nyumba, miezi kadhaa kwa mara moja, hata kabla hajanunua daftari. Asiyeweza anaishia katika chumba cha mbao huko Kadutu au Panzi, wanalala watatu au wanne, mahali ambapo mvua kubwa inaleta hofu ya udongo kuporomoka na kiangazi kinaleta hofu ya moto. Tangu M23 ilipoingia mjini katikati ya Februari 2025, maisha yamekuwa magumu zaidi. Mabenki yalifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukakosa safari, na wazazi wengi wakapoteza kazi au biashara. Kuna wanafunzi waliorudi nyumbani wakisema wanapumzika kidogo. Wengine hawajaonekana tena darasani.

Halafu kuna giza. Mwaka huohuo wa 1989 UCB ilipozaliwa, kituo cha umeme cha Ruzizi II kilianza kazi hapo Mumosho, mali ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Maji ya ziwa yanapita mbele ya nyumba za Mumosho, yanazungusha mitambo, na umeme unakwenda mbali. Mtoto wa Mumosho amekua akisikia ngurumo ya bwawa huku nyumbani wakiwasha koroboi. Anafika Bukavu kusoma, umeme unakatika saa moja jioni, naye anarudia masomo yake kwa taa ya simu. Ni haki gani hiyo?

Hakuna anayedai kwamba matatizo ya vita yataisha kwa mkutano mmoja. Lakini yapo mambo ambayo hayahitaji kungoja amani kamili. Wakuu wa vyuo, wenye nyumba na viongozi wa mitaa wanaweza kukaa pamoja na kukubaliana kwamba mwanafunzi alipe garanti ya mwezi mmoja, au alipe kidogo kidogo. Mwenye nyumba ataona ni hasara, ila chumba kitupu nacho hakilipi. Vyuo vyenye paneli za jua au jenereta vinaweza kufungua chumba kimoja cha kusomea hadi saa tatu usiku, kwa mwanafunzi yeyote mwenye kadi, bila kuuliza anasoma chuo gani. Na wanaosimamia umeme waeleze wazi ni lini vijiji vinavyolinda Ruzizi vitapata sehemu yao.

Watu wa Bukavu nao wana kazi. Mwanafunzi kutoka kijijini anaitwa mshamba na kupandishiwa bei sokoni, wakati sombe, ndizi na maharagi anayokula mjini vinatoka kwao. Kesho huyohuyo ndiye atakayekuwa muuguzi au mwalimu wa mtoto wa mjini.

Mji wa vyuo vikuu hupimwa kwa mtoto wa maskini: je, aliyeingia na godoro kichwani alitoka na diploma mkononi? Mumosho imetoa maji yake, chakula chake na watoto wake. Bukavu iwape watoto hao mahali pa kulala na taa ya kusomea.