Kuililia Jana Isiyokuwa Yako

Msomaji, uko muziki katika intaneti ambao yamkini umekwisha kufika katika simu yako. Jina lake Sovietwave, maana yake wimbi la Usovieti. Hupigwa kwa vinanda vya umeme, polepole, kwa sauti za baridi zivumazo kama upepo katika ukumbi mtupu. Ndani yake huchomekwa maneno ya redio za kale na hotuba. Na machoni huonyeshwa picha zilizochujuka rangi: majumba marefu ya saruji katika theluji, watoto wenye skafu nyekundu shingoni, roketi ikipaa, mwanaanga akicheka. Waundaji wake wengi ni watu wa Urusi na nchi jirani zilizokuwa chini ya dola moja mpaka Desemba 1991, na si wachache kati yao waliozaliwa dola hiyo ikikata roho.

Siandiki haya ili niseme kuwa muziki huo ni mbaya. Ni mzuri, na uzuri wake ndio unitiao shaka. Humlaza msikilizaji katika huzuni tamu, akaanza kuitamani nchi ambayo hakuikanyaga na miaka ambayo hakuiishi. Mwaka 1688 mwanafunzi mmoja wa utabibu huko Uswisi, Johannes Hofer, aliyapa jina maradhi ya watu waliodhoofika ugenini kwa kuwaza kwao. Wagonjwa wake walikuwa na nyumba ya kweli, na dawa yao ilikuwa kurudishwa. Huyu anayelilia nyumba ambayo hakuilala hata usiku mmoja, tutamrudisha wapi?

Watetezi wa muziki huu wana jibu, nalo si la kupuuzwa. Husema: hatuililii serikali, wala polisi wake, wala foleni za mkate, twaililia kesho iliyoahidiwa isifike. Wazee wetu waliahidiwa nyota, na sisi tumerithi matangazo ya biashara. Nakubali kwamba ahadi ile haikuwa upepo mtupu. Tarehe 4 Oktoba 1957 Usovieti ulirusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuizunguka dunia, na tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin akawa mtu wa kwanza kufika anga za juu. Hata kwetu, hospitali ya rufaa ya Kisumu ilijengwa kwa msaada wa Usovieti, na mpaka leo wako wenyeji waiitao Russia. Aliyepona pale hana sababu ya kuutukana mkono uliomjengea.

Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Muziki huu hutuonyesha kinachoelea na kumficha aliyekiunda. Nitakutolea mfano mmoja tu, ambao umenikaa moyoni.

Katika kanda ya asubuhi ile ya 1961 husikika Gagarin akitamka neno moja la Kirusi, Poyekhali, yaani twende. Neno hilo ni kipenzi cha kila mwenye kuzitamani zama zile. Lakini kanda hiyo ina sauti ya pili, ya mwanamume aliyekuwa akisema naye kutoka chini kwa jina la fumbo, Zarya, maana yake mapambazuko. Mtu huyo ni Sergei Korolev, mhandisi mkuu wa roketi yenyewe. Mwaka 1938 serikali hiyo hiyo ilimkamata kwa mashtaka ya uongo, ikampiga, ikampeleka Kolyma, kwenye kambi za machimbo ya dhahabu katika baridi ya mashariki ya mbali. Huko aliugua kiseyeye, akapoteza meno mengi. Baadaye alilazimishwa kufanya kazi ya uhandisi akiwa bado mfungwa. Na hata alipokwisha kuwapa watawala fahari ya anga, jina lake halikuruhusiwa kuandikwa magazetini. Wananchi wenzake walilijua alipokufa, Januari 1966. Kijana husikiliza kanda hiyo usiku, macho ameyafumba, akidhani asikia furaha ya dola nzima, kumbe mmoja wa wale wawili alikuwa mfungwa wa dola hiyo.

Utasema, ni muziki tu, wamdhuru nani? Ungekuwa muziki tu kama wenye nguvu wasingekuwa na haja ya usahaulifu huo. Chama kiitwacho Memorial kilitumia zaidi ya miaka 30 kukusanya majina ya waliopigwa risasi na waliofia kambini. Tarehe 28 Desemba 2021 Mahakama ya Juu ya Urusi iliamuru kivunjwe, baada ya mwendesha mashtaka kulalamika kwamba kimeutolea Usovieti sura ya uongo, ya dola ya kutisha watu. Miezi miwili baadaye majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine, na juu ya baadhi ya magari yao ya vita ilipepea bendera nyekundu ya Usovieti. Sisemi kwamba vinanda ndivyo vilivyotuma vifaru. Nasema kwamba aliyezoezwa kuiona bendera ile kuwa pambo la ndoto hatashtuka aionapo juu ya kifaru.

Sikiliza, basi, ukipenda. Mimi pia husikiliza. Ila siku moja uitafute ile kanda ya 1961 yenyewe, bila vinanda. Kabla Gagarin hajasema neno lake, utaisikia sauti ya Korolev ikimtakia safari njema.