Nani Kasema Ndoto Si Yetu?

Wapo waungwana wa kalamu, nimewasikia Unguja na nimewasikia Arusha, wanaodai kuwa sinema ya ndoto ni anasa ya Paris: jicho linalokatwa kwa wembe, punda waliooza juu ya piano, mambo ambayo mtazamaji wetu hayahitaji wala hayaelewi. Yeye, wasema, apewe kisa kinyoofu, na funzo lake mwishoni kama peremende ya mtoto. Hoja hii huvishwa kanzu ya uzalendo. Kanzu hiyo ni ya kuazima, na mwenyewe namjua.

Mwenyewe ni mkoloni. Uingereza ilipoanzisha Kitengo cha Filamu za Makoloni mwaka 1939, William Sellers, aliyekwisha kuonyesha filamu za afya Nigeria, aliweka kanuni: kwa Mwafrika picha iende polepole, isikatwe ghafla, isiwe na hila za kamera, kwani akili yake haitaifuata. Yaani watu waliolelewa kwa hadithi za jini anayegeuka nyoka, na nyoka akageuka bibi harusi, ati hawawezi kuruka kutoka picha moja hadi nyingine! Leo kanuni ile ile twaisikia kwa Kiswahili sanifu, tena kutoka kwa wapenzi wa ushairi. Shaaban Robert aliitundika nchi nzima angani katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, akaishtaki sheria yake humo humo hewani. Sijasikia msomaji aliyemtaka aishushe chini ili aelewe.

Nao wanaoisifu sinema hiyo kwa vioja vyake tu hawana nafuu. Usurealisti ulikuwa na siasa, tena kali. Desemba 1930, filamu ya Luis Buñuel, L'Âge d'or, ilipooneshwa Paris, vijana wa vyama vya mrengo wa kulia walivamia ukumbi wakarusha wino kwenye kitambaa cha sinema. Siku chache baadaye polisi wakaipiga marufuku. Mwaka uliofuata Wasurealisti walitoa waraka wa kuwataka watu wasiende kuyatazama Maonyesho ya Makoloni, ambamo Ufaransa iliyapanga makoloni yake kama bidhaa dukani. Mwaka 1933 Buñuel alikwenda Las Hurdes, milima ya mafukara nchini Hispania, kwa fedha ambazo rafiki yake Ramón Acín alizipata katika bahati nasibu. Filamu ile ilipotiwa sauti, msimulizi anasema kwa ubaridi wa karani wa sensa, muziki wa Brahms ukivuma kwa fahari juu ya watoto wenye njaa. Mbuzi aporomoka kutoka jabalini. Msimulizi asema ni ajali za huko. Pembeni mwa picha moshi wa bunduki waonekana. Sauti na picha zimegombana, na mtazamaji ameachiwa aamue nani mwongo. Serikali ya Jamhuri ya Hispania nayo iliipiga marufuku.

Jicho hilo nalitaka Meru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, ili ardhi ikatwe mashamba 13 ya wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kulitetea shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Na mwishoni mwa 1960, Howard Hawks akafika Momella, jirani kabisa na hapo, pamoja na John Wayne, kupiga Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Waigizaji wenyewe waliwafukuza wanyama kwa magari, na faru waliofungwa kamba ni faru kweli. Sikatai, nimeicheka, na muziki wa mtoto wa tembo alioutunga Henry Mancini haunitoki. Lakini itazameni ile nyika: pana, safi, kana kwamba hapakuwahi kuhamishwa mtu. Waafrika wamo, wasaidizi pembezoni mwa kisa. Hii ndiyo inayoitwa filamu nyoofu! Mimi sijaona ndoto kubwa kuliko hiyo, ndoto ya ardhi isiyo na wenyewe, na imeoteshwa mchana kweupe.

Ninachowataka vijana wa kamera wa Arusha ni mkato mmoja tu. Waipige upya nyika hiyo, gari likifukuza vumbi, muziki ukichezacheza, na juu yake sauti tulivu isome amri ya kuhama ya 1951, neno kwa neno, bila kupandisha wala kushusha. Hapana cha kubuni hapo: ni kweli mbili zilizotenganishwa miaka yote hii. Kisha ioneshwe Engare Nanyuki, usiku, uwanjani, kwa wajukuu wa waliohamishwa, na mwungwana wa kisa kinyoofu aketi nyuma yao asikilize ni nani atakayeuliza maana yake.