Taranto na Dohani Zisizotajwa

Taranto, mji wa bandari kusini mwa Italia, una wasifiaji wengi, na karibu wote hukosea pale pale. Humsimamisha mgeni mbele ya nguzo mbili za hekalu la Kigiriki la karne ya 6 KK. Humwonyesha ngome ya wafalme wa Aragon, iliyokamilika mwaka 1492, kisha daraja la 1887, lililojengwa upya 1958, lifungukalo katikati ili manowari zipite baina ya Bahari Kubwa na Bahari Ndogo. Humsimulia kuwa mji uliasisiwa na Wasparta, kwa mapokeo mwaka 706 KK. Basi, hapo humwacha. Dohani za kiwanda, zionekanazo kutoka mbali, hazitajwi.

Kunyamaza huko huitwa adabu, ni uongo. Kiwanda cha feleji kilianza kujengwa mwaka 1960 na kuzinduliwa 1965. Dola ndiyo iliyokijenga, ili watu wa kusini wapate kazi, na kazi wakaipata. Hilo lisikanwe, wala aliyeshiba asimcheke aliyechagua mshahara. Lakini mtaa wa Tamburi umepakana nacho, na vumbi la madini ya chuma limeyageuza mekundu makaburi ya San Brunone. Mwaka 2008 kondoo na mbuzi zaidi ya elfu moja waliuawa baada ya kukutwa na dioksini. Mwaka 2010 meya aliwakataza watoto wa Tamburi kuchezea udongo wa viwanja vyao wenyewe. Mwaka uliofuata wakapigwa marufuku kome wa sehemu ya Bahari Ndogo iliyo karibu na kiwanda. Kome, chakula na fahari ya mji ule! Mwaka 2012 mahakama iliamuru matanuri yazuiwe; kabla mwaka haujaisha serikali ikatunga sheria ya kuyaacha yaendelee kuwaka. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kuwa Italia imekiuka haki za wakazi waliolalamika. Historia ya Taranto ni hii pia, si Sparta peke yake.

Wasifiaji hujitetea kwa sanaa: ati moshi hauna ushairi. Na hapo ndipo hujifunga wenyewe, kwani mshairi mkuu wa mji huo, Leonidas wa karne ya 3 KK, aliwatungia wavuvi, maseremala na wanawake wafumao nguo. Ndoana, nyavu na misumeno zimejaa katika tungo zake zilizosalia. Amtajaye Leonidas kwa majivuno, kisha akalipita lango la kiwanda zamu zikibadilishana bila kugeuza shingo, amekariri jina tu, tungo hajazisoma.

Ziara na ianzie San Brunone, penye majina ya wafu chini ya vumbi jekundu, ipite Tamburi kwa miguu, ndipo ifike kwenye zile nguzo mbili.