Masika si baridi, lakini pikipiki inaoza vilevile

Mwandishi, mengi umesema vizuri, ila hapo pa kuiwasha pikipiki dakika mbili kila wiki hatuelewani. Kwa dakika mbili injini haijapata moto. Maji yanayotokana na kuungua kwa petroli yanabaki kwenye oili na ndani ya ekzosi, yanaitafuna polepole. Ama uiendeshe hadi ipate moto sawasawa, ama uiache ilale.

Huku Kibaha na Kisarawe wapo wanaozilaza kuanzia Machi hadi Mei, maana njia za ndani za Mlandizi na Maneromango masika si za kuchezea. Kinachosumbua zaidi ni kabureta. Petroli ikikaa humo inakauka na kuacha utando kama gundi, mvua zikiisha unapiga kiki mpaka mguu unauma. Funga koki ya tangi, iache injini izime yenyewe, kisha legeza skrubu ya chini ya kabureta, iliyobaki uikinge kwa kopo. Fanyia nje, mbali na jiko, tafadhali. Tangi la chuma lijaze pomoni. Likiwa nusu, unyevu unashika bati la juu na kutu inaanzia hapo.

Oili badilisha kabla ya kulaza, si baada. Betri ichomoe, anza na hasi.

Na hilo turubai la nailoni mnalolisifia linafungia jasho ndani. Shuka kuukuu ni bora. Ekzosi izibe kwa kitambaa, la sivyo dondola watahamia. Panya nao wanapenda nyaya, sijui zina utamu gani.